Leso ya mama

Leo nimefungua sanduku nikaikuta leso ya mama, ile ya njano, imekunjwa vilevile alivyoikunja mwenyewe.

Juni 2021. Nchi ilifungwa siku 42 kwa sababu ya korona, magari yakazuiwa, boda marufuku kubeba abiria. Mama anahema kama aliyepanda mlima, na sisi Kampala nzima tunatafuta gari la kumfikisha hospitali. Tulipofika tukaambiwa mitungi ya oksijeni imekwisha, tusubiri. Nilimshika mkono usiku kucha nikiona vidole vyake vinageuka rangi ya bluu. Adhana ya alfajiri ilipoanza, akatutoka.

Kinachoniuma ni kwamba ugonjwa uliingia Uganda Machi 2020. Serikali ilikuwa na zaidi ya mwaka mzima wa kununua mitungi! Walichojua ni kufunga tu: masoko, barabara, hata shule, zilizokuja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022 (mdogo wangu wa kike hakurudi tena darasani).

Tulizika haraka, watu wachache. Shangazi alikuwa Jinja, njia imefungwa, akalia nasi kwenye simu mpaka salio likaisha.

Leso sijaifua. Bado inanukia udi wake.