Neno nililomwandikia mama

Jumamosi iliyopita nilipanda basi dogo hapa Mbeya kwenda Tukuyu kumwona mama, nikamkuta ana wiki mbili hajameza vidonge vyake vya presha. Hakuviacha kwa uzembe. Aliviacha kwa sababu ya neno moja ambalo nilimwandikia mimi mwenyewe.

Mwezi uliopita alirudi kutoka kliniki na cheti kilichoandikwa kwa Kiingereza, na kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa lugha hiyo katika familia yetu, nilimtafsiria kwa kalamu pembeni mwa karatasi. Palipoandikwa chronic niliandika "sugu", nikaona kazi imekwisha.

"Sasa mwanangu, kama ni sugu, vidonge vya nini?" aliniuliza, kisha akafungua kiganja cha kulia na kunionyesha, chini kidogo ya vidole, ngozi ngumu ya rangi ya manjano iliyojengwa na mpini wa jembe kwa zaidi ya miaka 40. "Sugu ni hii. Hata mwiba hauingii."

Nimelifikiria jambo hilo wiki nzima. Neno la Kiingereza chimbuko lake ni khronos, yaani wakati kwa Kigiriki, nalo lilipitia Kilatini na Kifaransa kabla ya kufika Uingereza. Kwa daktari halisemi kama ugonjwa ni mkali au mwepesi, wala kama unasikia dawa; linapima muda tu. Ugonjwa wa figo huitwa hivyo ukizidi miezi 3, na homa ya ini aina ya B ikikaa mwilini zaidi ya miezi 6. Sugu letu halikuanzia kwenye wakati. Lilianzia kwenye ngozi iliyosuguliwa mpaka ikafa ganzi, ndiyo maana mdaiwa sugu ni yule asiyesikia onyo, na kifua kikuu sugu ni kile kisichosikia dawa za kawaida. Tunapoliita kwa jina hilohilo shinikizo la damu, ambalo kidonge cha kila siku hulituliza, mgonjwa ana haki kabisa ya kuelewa kama alivyoelewa mama.

Nilidhani "wa kudumu" lingefaa zaidi, lakini nalo linafunga mlango mapema mno, kwa maana homa ya ini aina ya C huweza kukaa mwilini miaka mingi na bado siku hizi ikatibiwa ikaisha kabisa. Kwa maoni yangu "wa muda mrefu" ndilo jina la haki, ingawa ni maneno matatu mahali pa moja, na ningependa sana wauguzi na sisi walimu tulizoee.

Nilikata neno langu kwa mstari, nikaandika juu yake: "wa muda mrefu, unaotulizwa kwa dawa". Mama alisoma polepole, kidole kikifuata herufi.

"Muda mrefu kiasi gani?"

Nilimwambia ukweli, kwamba kwa presha yake huenda ni maisha yote. Alinyamaza, akaitazama migomba nje ya dirisha ambayo mvua ilikuwa ikiipiga, halafu akainuka na kutoa kabatini kadi yake ya kliniki na pakiti ya vidonge, akaviweka mezani kwa ajili ya Jumatatu.