Robo ya nini?

Ijumaa, jioni

Leo walimu wenzangu wanne waliingia darasani kwangu, wakakaa nyuma na madaftari yao, nami nikafundisha kugawanya sehemu. Nimefundisha hisabati miaka kumi na mmoja mlango ukiwa umefungwa. Mtu mzima pekee aliyewahi kukaa nyuma ya darasa langu ni mkaguzi, na akija mkaguzi mtu hufundisha somo analolimudu. Jana usiku usingizi ulikuja kwa shida.

Andalio la somo tuliliandika pamoja kwa wiki tatu. Utaratibu tumejifunza kwa walimu wa Japani, ambao wamekuwa wakiufuata kwa miongo mingi: wanaandaa kipindi kimoja kwa pamoja, mmoja anafundisha, wengine wanawatazama wanafunzi, kisha wote wanakaa kulichambua somo. Linachambuliwa somo, si aliyelifundisha. Nilikuwa nalikubali jambo hilo kwa mdomo tu, hadi leo.

Swali letu lilikuwa hili: kamba ya mita 1¾ inakatwa vipande vya nusu mita, je, vinapatikana vipande vingapi? Namba hizo ndizo alizozitumia mtafiti Liping Ma katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1999. Aliwaomba walimu wa shule za msingi, 23 wa Marekani na 72 wa China, watunge hadithi inayolingana na 1¾ ÷ ½. Kati ya wale 23, mmoja tu ndiye aliyetunga hadithi sahihi. Kosa lililojirudia sana ni kugawanya kwa 2 badala ya kwa nusu. Nami nilipojaribu, kabla hatujaanza kuandaa, hadithi yangu ilikuwa ya watu wawili wanaogawana kamba sawasawa. Kosa lilelile. "Geuza, kisha zidisha" nilikuwa naijua hata usingizini, lakini kwa nini tunageuza, hapana.

Mmoja wetu alitaka tutumie mita 2½ ili jibu liwe 5 kamili na watoto wasichanganyikiwe. Mwandamizi wetu akakataa. "Acha ibaki, Mwalimu. Kwenye kinachobaki ndipo tutajua nani ameelewa."

Ikabaki kweli. Vikundi vilikata vipande vitatu, kikabaki kipande cha robo mita, na karibu nusu ya darasa wakaandika 3¼. Nikawa napita nikisema, "Jaribuni tena." Mwishowe msichana mmoja akainua kile kipande na kusema, "Hii ni robo ya mita, lakini ni nusu ya kipande." Nilifurahi mno. Nikageuka ubaoni, nikaandika 3½, tukaendelea.

Tulipokaa kujadili, mwenzangu aliyekuwa karibu na dirisha alifungua daftari lake. Alikuwa amemwona kijana mmoja akikokotoa kwa kanuni, akapata 3½. Kisha kijana akaitazama kamba, akaona robo, akafuta jibu lake na kuandika 3¼. Nilipofika kwake nikamwambia ajaribu tena, nikapita. Nimelifikiria hili jioni nzima. Kijana yule hakubahatisha. Aliiamini kamba kuliko kanuni, nami sikumuuliza chochote. Peke yangu nisingejua kamwe. Ningekusanya madaftari, nikaweka alama ya kosa.

Mwandamizi naye akasema kwa upole, "Uliposikia jibu ulilokuwa ukilisubiri, ulifunga mazungumzo." Liliniuma kwa dakika kadhaa. Ni kweli: msichana mmoja alikuwa ameona, nami nikaandika ubaoni kana kwamba darasa zima limeona. Hakuna aliyenilaumu, na nadhani hicho ndicho kilichonifanya nimsikilize. Sote tulikuwa tumeliandika andalio lile, na hakuna kati yetu aliyekuwa ameandika mwalimu afanye nini jibu sahihi likitoka mapema.

Tumelirekebisha. Anayeandika 3¼ ataulizwa, "Robo ya nini?", na swali hilo litaachwa hewani hadi wanafunzi wengine walijibu kwa maneno yao. Pia kila kikundi kitapima kile kipande kilichobaki kwa kukilaza juu ya kipande kizima, kabla mwalimu hajashika chaki.

Jumatatu mwenzetu yule aliyetaka 2½ atalifundisha somo hilohilo kwa mkondo mwingine. Nimeomba nikae karibu na wanafunzi wanaofuta sana.