Daftari Kando ya Rimoti

Kifurushi chetu cha runinga kilipokaribia kuisha miezi michache iliyopita, nyumba iligawanyika. Mume wangu alitaka tuongeze fedha kidogo tupate kifurushi kikubwa chenye mechi zote, binti yetu alishikilia kwamba king'amuzi kimepitwa na wakati na kila kitu kinapatikana mtandaoni, naye mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, alisema haombi chochote zaidi ya taarifa ya habari ya usiku na tamthilia yake moja. Kwa kuwa kila mmoja alizungumza kwa uhakika na hakuna aliyekuwa na ushahidi, nilipendekeza tusilipie kitu kipya kwanza. Tungeweka daftari kando ya rimoti kwa mwezi mmoja, na kila atakayewasha runinga angeandika ametazama nini, kwa muda gani, kwa njia ipi, na nani alikuwa ameketi naye.

Mwezi ulipokwisha tulilisoma daftari lile pamoja, na jambo la kwanza lililotushangaza ni uchache wa chaneli zilizotajwa. King'amuzi chetu kilikuwa na chaneli zaidi ya mia moja, lakini tulizozitazama kwa zaidi ya dakika chache hazikufika kumi, na zaidi ya nusu ya hizo hurushwa bure na hunaswa kwa antena ya kawaida. Kila mwezi tulikuwa tukilipia matangazo ambayo tayari yalikuwa yakipita hewani juu ya paa letu. Nadhani familia nyingi ziko katika hali hiyo, kwa sababu kifurushi hununuliwa kwa kutazama orodha ya vitu tunavyoweza kuvitazama, ilhali saa za jioni ni chache na mazoea yetu hayabadiliki kwa sababu ya orodha.

Nilianza uchunguzi wangu na antena, kwa kuwa ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Wengi wetu tunaikumbuka kwa picha yenye chenga na mtu aliyepanda juu akiizungusha huku mwenzake akimpazia sauti kutoka dirishani. Enzi hiyo ya analojia imekwisha mahali pengi: katika mkutano uliofanyika Geneva mwaka 2006, nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikubaliana kuhamia dijitali, na tarehe 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa mwisho wa kuilinda mitambo ya analojia isiingiliwe na mawimbi mengine katika sehemu kubwa ya masafa ya runinga. Mtazamaji alinufaika, kwa kuwa nafasi iliyobeba chaneli moja ya analojia sasa hubeba kadhaa za dijitali. Hata hivyo dijitali ina tabia yake ambayo mtu asipoijua itampotosha. Mawimbi yakidhoofika haionyeshi chenga. Picha hubaki safi hadi kiwango fulani, kisha ghafla huvunjika vipande vya mraba, huganda na kupotea. Mtu huona chaneli imekatika na kuamua kwamba mahali pake hapashiki, wakati pengine kilichohitajika ni kuiinua antena kidogo, kuielekeza sawasawa kwenye mnara, au kubadilisha waya uliochakaa. Kwetu ulikuwa waya. Isitoshe, runinga nyingi za miaka ya karibuni zina kipokezi cha dijitali ndani yake, kwa hiyo ni vyema kusoma maelezo yake na kuhakikisha kwamba kinakubali mfumo unaotumika nchini, kwa mfano DVB-T2, kabla ya kununua king'amuzi ambacho huenda hukihitaji.

Dishi lina nguvu pale ambapo mnara hauonekani, nyuma ya milima au mbali na miji. Setilaiti za matangazo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, zikizunguka kwa mwendo ule ule ambao dunia hujizungusha, na ndiyo maana dishi likishaelekezwa haligeuzwi tena. Udhaifu wake ni mvua kubwa, hasa kwa madishi madogo, kwa sababu mawimbi ya masafa ya juu yanayotumika humo hunywewa na matone. Jambo ambalo wauzaji hulisema kwa nadra ni kwamba ziko setilaiti zinazorusha chaneli za bure, kiasi kwamba anayenunua dishi na kipokezi chake anaweza kutazama bila malipo ya kila mwezi. Kuhusu kebo sina mengi: ilipofika mlangoni na huduma ikawa nzuri, haina shida ya mvua wala ya kuelekeza chochote, lakini haiwezi kuchaguliwa mahali ambapo haijapita.

Mtandao ndio uliotuchukulia muda mrefu zaidi mezani, na hapo niliomba tufanye hesabu badala ya kubishana. Netflix hupendekeza kasi ya megabiti 5 kwa sekunde kwa picha safi ya kiwango cha 1080p, yaani HD, na megabiti 15 kwa picha safi zaidi ya 4K, na inaeleza kwamba saa moja ya picha ya HD inaweza kula hadi gigabaiti 3. Familia ikitazama saa mbili kila jioni, kwa siku 30 ni saa 60, yaani hadi gigabaiti 180. Mwenye intaneti isiyo na kikomo hana haja ya kuhangaika na hesabu hii, lakini anayenunua bando anapaswa kuifanya kabla ya kukata king'amuzi, kwa kuwa bei ya usajili anayotangaziwa ni sehemu tu ya gharama, na bando ndilo linaloweza kumlemea. Wanaotazama mtandaoni pia wanajua maudhi ya kusikia majirani wakishangilia bao ambalo kwao bado halijafungwa. Chanzo chake ni kwamba video hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na programu huhifadhi vipande kadhaa kwanza ili picha isikwamekwame, kwa hiyo mechi inayoitwa mubashara huchelewa nyuma ya ile inayonaswa kwa antena. Kwa filamu hakuna anayejali. Kwa mpira, mume wangu anajali sana, na namwelewa.

Lakini safu ya daftari niliyoisoma mara nyingi kuliko zote ni ile ya mwisho, ya nani alikuwa ameketi na nani. Hapo ndipo nilipotambua kwamba tulikuwa tukijadili mitambo na kuacha swali kubwa, kama tunataka runinga itukutanishe au itutenganishe. Zamani kubadilisha chaneli kulimlazimu mtu kuinuka; rimoti isiyo na waya ilipoletwa na kampuni ya Zenith mwaka 1955, mamlaka yalihamia mkononi mwa aliyeishika. Leo kila mmoja ana kioo chake mfukoni, na ugomvi wa rimoti umepungua kwa sababu hakuna tena anayehitaji kukubaliana na mwingine. Katika daftari letu, jioni zenye majina manne zilikuwa za taarifa ya habari na za mechi, yaani vipindi vyenye saa yake. Vilivyotazamwa wakati wowote mtu apendapo vilikuwa na jina moja moja.

Palikuwa na jambo moja lililoenda kinyume, nalo ndilo lililobadilisha mawazo yangu. Binti yetu alikuwa amepata mtandaoni tamthilia ndefu ya lugha ya kigeni, akaihamishia kwenye runinga ya sebuleni, na bibi yake akavutwa nayo. Maandishi ya chini hupita upesi kuliko macho ya bibi, kwa hiyo mjukuu alikuwa akimsomea kwa sauti, akisimamisha picha kila bibi alipouliza huyu ni nani na amemkosea nani. Majina hayo mawili yaliandikwa pamoja jioni kumi na moja. Nilikuwa nimeingia katika mjadala huu nikiamini kwamba mtandao ndio unaotawanya watu, na daftari likaniambia kwamba inategemea zaidi kioo kimewekwa wapi.

Tuliamua basi kuacha kifurushi kikubwa. Antena inatupatia habari na chaneli za nyumbani, tunalipia huduma moja tu ya mtandaoni, na michezo tunailipia kwa miezi ambayo ligi inaendelea. Tulizima uchezaji wa kipindi kinachofuata bila kuombwa, kwa ajili ya mtoto wetu mdogo mwenye miaka minne. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri kwamba watoto wa umri huo wasizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo, na kwamba pungufu ya hapo ni bora zaidi. Kwa mama mkwe nilibandika kipande cha karatasi chekundu kwenye kitufe cha rimoti kinachorudisha runinga kwenye antena, kwa sababu mpangilio wowote unaomlazimu mzee kumwita kijana ili apate habari zake, kwangu mimi, umeshindwa.

Lililobaki ni ombi la mtoto wetu wa kati, anayetaka runinga ya zamani ihamishiwe chumbani kwake. Baba yake haoni ubaya. Mimi nimekataa kwa sasa, na tumekubaliana kwamba daftari lirudi mezani mwezi ujao, kabla hatujalizungumza tena.