Kengele Iliyonyamaza

"Baba, mbona simu inasema tuko kwa jirani?"

Tulikuwa tumekaa barazani. Mwanangu alikuwa amefungua ramani, na kile kidoti cha buluu kimetua ng'ambo ya ukuta, sebuleni mwa watu. Nikamwambia simu hukosea mita nne, tano, hata mahali pa wazi. Penye kuta na miti ndiyo usiseme, mawimbi yanagonga huku na huku kabla hayajaifikia. Akafikiri kidogo.

"Sasa imekosea simu au imekosea ramani?"

Hapo nikakwama. Swali hilohilo niliwahi kuulizwa na mtu mzima, mimi nikiwa nimepiga magoti mtaroni.

Ni enzi zile nilipokuwa mpimaji kwenye machimbo ya mitaro, nikibeba fimbo ya vipimo yenye kipokezi cha setilaiti. Na kifaa chenyewe hakikuwa mchezo. Kipokezi kinasikiliza setilaiti zilizo kilomita 20,200 hivi juu. Ukizipata nne unajua ulipo, kwa kukisia mita kadhaa. Halafu kituo chetu cha chini, kilichosimikwa juu ya alama inayojulikana, kinarusha masahihisho kwa redio, na zile mita zinashuka hadi sentimita mbili. Kwenye kijiko, ile mashine ya kuchimbia, tulikuwa tumefunga antena mbili na skrini. Kila bomba lililomo kwenye ramani lilionekana kama mstari wenye ukanda mwekundu kila upande, na ndoo ikisogea ndani ya mita moja, kengele inalia. Nilikipenda kifaa kile kuliko inavyostahili kupenda kifaa.

Asubuhi hiyo mashine ya kutafutia mabomba niliiacha garini. Bomba la gesi pale lilikuwa la plastiki, lakini lilizikwa pamoja na waya ili mashine iweze kulisikia. Kutembea nayo kungenichukua robo saa. Sikuona haja. Mstari uko kwenye skrini, sisi tuko mita mbili pembeni yake, kengele kimya. Ukimya ule niliuchukua kama ruhusa.

Opareta alikuwa mzee, ameanza kuendesha vijiko kabla sijazaliwa. Akanichungulia dirishani: "Kijana, umelipima?"

"Mzee wangu, angalia skrini. Tuko salama."

Akachimba. Ndoo ya kwanza, udongo mwekundu. Ya pili, mwekundu. Ya tatu sikuiona, macho yangu yalikuwa kwenye namba. Nilichoshtukia ni kwamba injini imezimwa.

Kwenye meno ya ndoo ulining'inia utepe wa njano, umevutwa hadi ukawa kama kamba, na maandishi yake ya tahadhari yamerefuka hayasomeki tena. Chini mtaroni, katikati ya wekundu ule, kulikuwa na mchanga. Mchanga mweupe, laini, kama uliochekechwa. Mchanga wa namna hiyo haufiki wenyewe mita moja chini ya ardhi. Umemwagwa na mtu, ili kitu kilale juu yake. Mzee hakusema neno. Alinyoosha kidole tu.

Tulinusa kwanza, wote wawili, pua juu. Hakuna ile harufu ya yai viza. Nikashuka na kufukua kwa mikono. Mchanga ulikuwa wa baridi na ulitoka kirahisi, hadi bomba likajitokeza, la njano, na mgongoni mwake mkwaruzo mpya wenye urefu wa kiganja. Ukingoni plastiki ilikuwa imechanika ikajikunja kama maranda ya seremala. Nikapitisha ukucha, ukucha ukazama. Kwa bomba la aina hiyo, mkwaruzo ukizidi sehemu moja ya kumi ya unene wa ukuta, kipande kinakatwa na kutupwa. Sikuhitaji kipimo.

Juu yangu nikasikia: "Sasa imekosea mashine au imekosea ramani?"

Yaliyofuata yalikwenda haraka: watu wakaondolewa, gesi ikafungwa, mafundi wakaja, kipande kikabadilishwa. Siku chache baadaye chanzo kikajulikana. Mchoro wa zamani ulilipima bomba kutoka ukingo wa barabara. Barabara ikapanuliwa. Mtu aliyeuingiza mchoro kwenye kompyuta akapima kutoka ukingo wa sasa, na bomba likahamia mbali na barabara, kwenye skrini peke yake. Kwa hiyo setilaiti hazikukosea. Zilituambia kwa sentimita mbili mahali tulipokuwa sisi. Bomba hazikuwahi kuliona, wala haziwezi.

Kwenye fomu nikaandika "hitilafu ya ramani". Ni kweli tupu. Fomu haikuwa na mahali pa kuitaja mashine iliyobaki garini, nami sikutafuta nafasi.

Usiku ule nilisoma habari za Ghislenghien, Ubelgiji. Bomba kubwa la gesi pale lilijeruhiwa na mashine wakati wa ujenzi, halikupasuka siku hiyo, likavumilia. Tarehe 30 Julai 2004 likachoka, na watu 24 wakafa. Nililala vibaya. Nilikuwa nauona mkwaruzo wetu umefukiwa vizuri, na mimi nikikunja fimbo yangu kwenda nyumbani.

Kabla ya kufukia mtaro nilirudi na kusimamisha fimbo juu ya bomba lenyewe, nikachukua nukta mpya, mstari ukarekebishwa. Mzee akashusha ndoo taratibu kuvuta udongo. Kengele ikalia. Bomba lilikuwa wazi mbele ya macho yetu, la njano kama ndizi, na kengele inalia kwa nguvu zake zote.

"Sasa ndiyo inaliona?" akauliza.

Mwanangu bado alikuwa ananingoja. Nikamwambia sijui, pengine vyote viwili. Hakuridhika. Akachukua simu, akaenda kuibandika ukutani, aone kama kidoti kitarudi kwetu.