Fumba ya leo

Jioni nimempeleka mama yangu Fumba, huku Unguja, akauone mji mpya. Ile Fumba ya mawe na vichaka imebadilika jamani! Barabara zimepangwa, maduka chini, watu wanaishi juu, miti kila pembe. Huko ndiko ilikopangwa Burj Zanzibar, jengo la ghorofa 28 la mbao na zege lililotangazwa 2021.

Mama kaingia dukani, kashika embe, kalinusa, kauliza bei, kalirudisha taratibu. “Mwanangu, kwa pesa hii sokoni Darajani napata fungu zima, na muuzaji ananijua.”

Mimi mji nimeupenda, nasema kweli. Ila wenyeji wa vijiji vya Fumba na Bweleo nao wapatiwe fremu za bei nafuu humo, wauze samaki wao, mwani wao, sabuni zao.