Siku nzima na taa ya ABS: lori la zamani karakanani Lubumbashi

Saa moja asubuhi. Lori la ekseli tatu limerudi jana usiku kutoka Kolwezi, tupu, matope mekundu yamekauka mpaka juu ya chasi. ABS yake, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga breki zikikanyagwa, ni ya kampuni ya Wabco, kizazi cha D, volti 24. Shofere anasema taa ya njano inazima akianza safari, halafu baada ya kilomita ishirini hivi inawaka na haizimi tena. Naandika maneno yake kama yalivyo. Waya uliokatika kabisa ungewasha taa tangu swichi inapowashwa. Kinachobadilika njiani ni joto, mtikisiko, au nafasi kati ya sensa inayosoma kasi ya gurudumu na pete ya meno inayozunguka nalo.

Nawasha swichi bila injini. Taa inawaka, na valvu za ABS zinalia "tik" moja baada ya nyingine, ishara kwamba umeme unazifikia zote. Shofere anauliza kama hatuwezi kuitoa tu ile balbu, maana mzigo wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, unamsubiri. Hapana, papa. Lori ambalo taa yake haiwaki hata kidogo ndilo linaloniogopesha zaidi: breki za kawaida zinafanya kazi, lakini siku ya mvua magurudumu yatajifunga na shofere hatakuwa ameonywa.

Saa mbili. Nabonyeza kitufe cha uchunguzi sekunde moja, naachia. Taa inapepesa mara 3, inapumzika, inapepesa mara 4. Namba ya kwanza ni aina ya kosa, ya pili ni mahali. 3 ni nafasi kubwa mno kati ya sensa na pete; 4 ni gurudumu la nyuma kushoto. Mfumo huu unaonyesha kwanza kosa lililo hai. Yaliyohifadhiwa yanangoja zamu yao, kwa hiyo usidhani kazi ni moja.

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Mtu anasoma namba, anakimbilia kununua sensa, na kesho yake taa inawaka tena.

Saa tatu. Vigingi kwenye magurudumu ya ekseli nyingine, jeki, stendi chini ya ekseli. Springi ya breki ya maegesho naibana kwa boliti yake ili breki iachie na gurudumu lizunguke. Natenganisha plagi ya sensa na kupima ukinzani wa koili, waya uliozungushwa ndani yake: omu 1,180. Popote kati ya 900 na 2,000 koili ni nzima. Kisha naweka multimita kwenye volti za AC na kuzungusha gurudumu kwa mkono, nusu mzunguko kwa sekunde. Inatakiwa itoe volti 0.2 au zaidi. Inatoa 0.08. Sensa iko hai ila iko mbali na pete. Kwa nini iko mbali? Tunashika tairi juu na chini, tunatikisa. Inacheza. Beringi.

Saa nne hadi saa sita ni kazi ya nguvu: magurudumu, shafti ya ekseli (beseni liwe chini, mafuta ya difu, yaani gia za ekseli, yatamwagika), dramu ya breki, habu ambayo ni kitovu cha gurudumu. Dramu ikitoka usipulize vumbi kwa kompresa. Liningi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lowesha, futa kwa kitambaa.

Sensa yenyewe ni ya kuangalia kwa karibu. Ndani yake mna sumaku, kwa hiyo chembe za chuma zinazokwanguka kwenye dramu zimeishika kama ndevu, na tope limejaa kati ya meno ya pete. Nayahesabu meno polepole, yote 100 yapo, hakuna lililopinda. Naisukuma sensa kwa kidole gumba, haiendi: kikamatio chake cha springi kimeshika kutu. Beringi iliyolegea ilikuwa imeisukuma nje, na sensa hairudi yenyewe. Haivutwi kwa waya wake, haigongwi kwa bisibisi. Kikamatio kipya ni rahisi kuliko sensa.

Saa saba, bukari na tomsoni, haraka.

Saa nane. Beringi mpya na sili mpya. Nati ya habu sikazi kwa kukisia: nafuata vipimo vya mtengenezaji, kisha kwa geji ya saa nahakikisha mchezo uko kati ya milimita 0.025 na 0.125. Sensa, ikiwa na grisi ya silikoni, nilikwishaisukuma mbele kabla ya habu kurudi, ili pete yenyewe iirudishe mahali pake. Nafasi kati yake na pete isizidi milimita 0.7. Sasa multimita inasoma volti 0.6. Difu inaongezewa mafuta yaliyomwagika. Hili likisahauliwa, beringi mpya inakufa.

Saa kumi. Taa bado inawaka, na hiyo ni sawa: inasubiri mwendo wa zaidi ya kilomita 7 kwa saa. Tunatoka uani, inazima. Nasoma kumbukumbu tena: 4, kisha 2. Sensa ya mbele kushoto, mkondo uliokatika au wenye shoti, kosa la zamani. Kwenye plagi omu ni nzuri, lakini nikipinda waya pale unapofuata usukani, namba inaruka na kupotea. Ngozi ya nje ni nzima. Ndani shaba imekuwa nyeusi. Nakata, naweka kipande kipya kilichochomelewa kwa risasi na kufunikwa kwa mpira unaobana ukipashwa joto, na kukifunga kando ya mpira wa hewa ya breki, kikiwa na ulegevu wa kutosha usukani ukizungushwa mpaka mwisho.

Saa kumi na moja na nusu. Kitufe kinashikiliwa zaidi ya sekunde 3, taa inapepesa haraka mara 8: kumbukumbu imefutika. Shofere namwambia akifika Kasumbalesa asimame, aguse habu ya nyuma kushoto kwa mgongo wa mkono, alinganishe joto lake na la ile ya kulia, kisha anipigie.