Nakala Mbili za Ripoti Moja

Jumatano, usiku

Leo asubuhi nimefuta kazi ya siku mbili ya mwenzangu. Sikukusudia, lakini mkono ni wangu, na mpaka sasa jambo hili halijanitoka moyoni.

Ripoti hii tunaiandika watatu. Faili lake liko kwenye folda ya pamoja inayojisawazisha katika kompyuta zetu zote. Juzi na jana nilikuwa safarini bila intaneti, nikawa nahariri nakala iliyokuwa kwenye kompyuta yangu. Mwenzangu naye alikuwa mezani kwake akihariri ripoti ileile. Nilipopata mtandao leo nikakuta mafaili mawili: moja lina jina tulilolizoea, jingine lina jina hilohilo likifuatwa na jina la kompyuta yangu na tarehe. Nikalifungua la kwanza. Halikuwa na mabadiliko yangu hata moja, kwa hiyo nikahitimisha kwamba ni la zamani. Nikalifuta, nikalipa langu jina lake, nikaendelea na mambo mengine. Kufuta nako husawazishwa: kwa muda mfupi tu faili lile likatoweka kwa wote watatu.

Ujumbe wake ulikuwa mfupi. “Jedwali langu limeenda wapi?”

Tumelipata. Huduma nyingi za aina hii huhifadhi kilichofutwa kwa siku 30 hivi kabla ya kukiondoa kabisa, na nilichofuta kilikuwa na saa mbili tu. Lakini nimemwomba radhi kwa simu, si kwa ujumbe, maana alikuwa amekesha kwa ajili ya jedwali lile.

Kinachonisumbua ni ule uhakika niliokuwa nao. Neno “la zamani” lilinijia lenyewe, na halikuwa na maana yoyote pale. Mwaka 1978 mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport aliandika makala kuhusu wakati na saa katika mifumo ya kompyuta nyingi, akaonyesha kwamba matukio mawili yanayotokea kwenye mashine mbili ambazo hazijapashana habari hayana la kwanza wala la pili. Saa za ukutani haziamui. Nikihariri Jumatatu nawe ukahariri Jumanne, lakini hukuiona kazi yangu wala mimi sikuiona yako, basi tumehariri sambamba. Programu inayosawazisha folda yetu ililijua hilo. Ndiyo maana haikuchagua, ikaweka nakala zote mbili mbele yangu. Aliyechagua ni mimi.

Mchana tuliketi kuziunganisha, na hapo nilijifunza jambo ambalo ningepaswa kulijua zamani: nakala mbili hazitoshi. Ukizilinganisha hizo mbili peke yake, unachoona ni kwamba aya fulani ipo huku na kule haipo. Je, mmoja ameiongeza au mwingine ameiondoa? Huwezi kusema. Tukafungua historia ya matoleo, tukachukua toleo la mwisho tulilokuwa nalo sote kabla sijasafiri, tukaliweka katikati. Mara kila tofauti ikawa na mwenyewe. Wanaotengeneza programu hufanya hivi kila siku, wanaita kuunganisha kwa njia tatu, na sehemu kubwa ya ripoti yetu ilijipanga bila ubishi wowote.

Kasoro mahali pamoja, ambapo hapakuwa na dalili yoyote ya mgongano. Sentensi ya awali ilisema: “Kifaa kimefika na kimekaguliwa.” Mimi niliigeuza kuwa “Vifaa vimefika na vimekaguliwa.” Yeye hakuyagusa maneno hayo, aliongeza tu mwishoni: “lakini hakijafungwa.” Ukiunganisha kazi ya wote wawili unapata: “Vifaa vimefika na vimekaguliwa lakini hakijafungwa.”

Kila mmoja aligusa sehemu yake, kwa hiyo kwa hesabu ya mashine hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Anayejua Kiswahili ataona mara moja kwamba ngeli zimeachana. Nilitaka kusahihisha haraka, niandike “havijafungwa” tuendelee, lakini yeye akanizuia. Akauliza: ni vifaa vyote ambavyo havijafungwa, au ni kimoja tu?

Hata kuandika pamoja moja kwa moja mtandaoni kusingetuokoa hapo. Mbinu ya kuwezesha watu kuhariri hati moja kwa wakati mmoja ilielezwa na watafiti wa kompyuta Ellis na Gibbs mwaka 1989: kila badiliko husogezwa ili liangukie mahali pake hata kama mwenzako ameongeza maneno kabla ya hapo. Ni kazi nzuri mno, nami huitegemea karibu kila siku. Inahakikisha kwamba sote tunaona maandishi yaleyale. Kwamba maandishi hayo yana maana, hilo halimo katika ahadi yake. (Zamani zaidi kulikuwa na kufunga faili: anayehariri analishika, wengine wanasubiri. Usalama upo, ila aliyelishika akisahau kuliachia, kazi inalala.)

Tumekubaliana mambo machache. Sentensi ya mwenzako usiiandike upya, weka pendekezo pembeni. Anayesafiri aseme anaondoka na sehemu ipi. Na faili lenye jina la ajabu halifutwi na mtu mmoja.

Ile sentensi ya vifaa bado iko wazi, tumeipaka rangi ya njano. Nilisema vifaa kwa sababu niliona orodha ya manunuzi. Yeye alisema kifaa kwa sababu alikiona kimoja kwa macho yake, bado kimo ndani ya boksi. Kesho asubuhi atampigia aliyepokea mzigo amuulize vilikuja vingapi.